Wazimu, Akili na Moyo: Majina ya Maradhi Katika Njia ya Misafara

Mwenye kuchunguza maneno ya Kiswahili hapati hasara akianzia Itetemia. Ni mahali palipo kandokando ya mji wa Tabora, napo pajulikana kuwa ni makao ya watemi wa Unyanyembe. Katika usemi wa watemi hao na wenzao wa Unyamwezi na Usukuma ndimo lilimotoka neno ikulu, ambalo leo kila mtu nchini Tanzania hulitumia kwa nyumba ya Rais, na wachache hukumbuka kwamba asili yake ni mji wa mtemi. Burton na Speke walipoingia Kazeh, yaani Tabora ya zamani, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wamekwisha safiri zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Kabla yao na baada yao, mpaka reli ilipofika mwaka 1912, njia hiyo ilipitisha pembe, nguo, shanga, bunduki, watumwa, na maneno. Aghlabu twasema kwamba Kiswahili kilipanda bara pamoja na misafara. Ni kweli, lakini mzigo wa maneno ulichukuliwa pande zote mbili.

Neno moja la misafara ndilo lililonivuta niandike makala haya. Kitenzi kupagaa maana yake ni kuchukua mzigo begani, na kutoka katika kitenzi hicho tumepata pagazi, ambaye katika karne ya 19 alikuwa aghlabu Mnyamwezi. Lakini kitenzi hicho hicho hutumika kwa pepo: pepo amempagaa mtu, naye mtu amepagawa. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Pagazi ndiye mchukuzi, na mzigo ndio uliochukuliwa. Ila katika kupagawa, binadamu ndiye aliyekuwa mzigo, na mchukuzi ni mwingine asiyeonekana. Msemaji wa Kiswahili atumiapo neno hili kwa ndugu yake aliyeanza kusema ovyo, amekwisha kusema mengi: kwamba yuko mwenye nguvu aliyemwinua ndugu yake, kwamba mwenye nguvu huyo anakwenda naye mahali, na kwamba mizigo, kama ijulikanavyo na kila mpagazi, huweza kutuliwa.

Hapo ndipo nionapo chanzo cha kutoelewana baina ya watu wa kawaida na madaktari juu ya majina ya maradhi haya. Wasomi wengi hueleza tofauti hiyo kwa kifupi sana. Husema kwamba upande mmoja una elimu na upande wa pili una ushirikina. Maelezo hayo hayanitoshi. Jina walitumialo watu hujibu swali la nani na kwa nini: nani amempata mtu huyu, naye amekosana na nani? Jina la daktari hujibu swali jingine: dalili hizi ni za kundi gani, na wagonjwa wa kundi hilo aghlabu huishia wapi? Majibu ya maswali mawili mbalimbali hayawezi kufanana, hata watoaji wakiwa wote wakweli.

Tuanze na neno kuu, wazimu. Kwa umbo lake ni wingi wa mzimu, roho ya mtu aliyekufa, na mzizi wake umeenea katika lugha nyingi za Kibantu: Washona husema mudzimu, Waganda omuzimu, Wanyarwanda umuzimu, na kwa Wasotho mzizi huo umepanda daraja hata ukawa jina la Mungu, Modimo. Basi mwenye wazimu, kwa maana ya asili, ni mtu mwenye wafu pamoja naye. Lakini sarufi imefanya kazi yake kimyakimya. Leo hatusemi wazimu wamemwingia, kama tusemavyo wageni wamemwingilia. Twasema wazimu umemwingia, wazimu wake umezidi. Wale wengi wamekuwa kitu kimoja, na kitu hicho kimehamishwa kutoka ngeli ya viumbe wenye uhai na kupelekwa katika ngeli ya u-, waliko ugonjwa, utoto na ujinga. Badiliko hili halikuamriwa na daktari wala kamati ya lugha. Wasemaji wenyewe walikwisha kuanza kuufanya wazimu kuwa hali badala ya kundi la roho, muda mrefu kabla ya hospitali ya kwanza ya akili kujengwa. Jambo hili lapasa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba fikira ya ugonjwa ililetwa nzima-nzima kwa merikebu.

Wala wazimu si neno pekee la namna hiyo. Mahoka, ambayo kwa Wangoni na jirani zao wa kusini ni mizimu ya wahenga, imeingia katika kamusi za Kiswahili pamoja na maana ya kichaa. Majinuni latoka kwa Waarabu, nalo kwa asili ni mtu aliyeingiwa na jini. Waingereza wasicheke: jina lao la zamani la mwenda wazimu lilitokana na neno la Kilatini la mwezi, nalo lilikaa katika sheria za Uingereza mpaka mwaka 1930 lilipoondolewa. Wanyamwezi, ambao watu wa pwani waliwaita hivyo, kama isemwavyo mara nyingi, kwa kuwa walitoka upande unakoandama mwezi, wana haki ya kutabasamu kidogo hapa.

Kuna tofauti nyingine ambayo makamusi hayaionyeshi vizuri, nayo ni ile iliyo baina ya kuwa na na kuwa. Wazimu hupatwa: mtu ana wazimu, amepandwa na wazimu, ameshikwa na wazimu. Hatusemi yeye ni wazimu. Kichaa nacho kilikuwa hivyo hivyo, na hata leo wazee husema mwenye kichaa. Lakini vinywani mwa vijana kichaa amekuwa mtu mwenyewe: yule ni kichaa, wale ni vichaa. Neno limeingia katika safu ya kipofu, kiziwi, kiwete na kilema, yaani katika lile fungu la ki- na vi- ambalo lugha yetu huwaweka watu kwa upungufu wao. Mwehu, punguani, zuzu, juha, na siku hizi chizi, ni majina ya mtu na si ya maradhi. Anayepewa jina la namna hii hana pa kulitua. Ni jambo la kustaajabisha kwamba sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 ilipotaka kuwaheshimu walemavu ikawaita watu wenye ulemavu, ilirudi bila ya kukusudia katika sarufi ya wazee waliosema mwenye kichaa.

Sasa akili. Neno hili ni la Kiarabu, na wanachuoni wa lugha hiyo hulihusisha na kamba ya kumfungia ngamia mguu asipotee. Akili, kwa hiyo, ni kizuizi. Katika sheria ya Kiislamu akili ni sharti la wajibu: hadithi mashuhuri yaeleza kwamba kalamu imeinuliwa, dhambi haziandikwi, kwa aliyelala mpaka aamke, kwa mtoto mpaka abaleghe, na kwa mwenda wazimu mpaka apate akili. Sheria ya Waingereza ilifika mahali karibu na hapo kwa njia nyingine, baada ya kesi ya M'Naghten ya mwaka 1843, na kanuni zilizotokana nayo ndizo zilizoacha alama katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika. Kwa kadhi na kwa jaji, basi, akili ni mambo ya kujua na kutojua: alijua alitendalo au hakujua? Huzuni haimo. Hofu haimo. Mtu aliyekaa ndani miezi mitatu bila ya kusema na mkewe, lakini ajuaye siku ya soko na bei ya mpunga, ana akili timamu.

Huyo atawekwa wapi? Kiswahili kina mahali pake, nako ni moyoni. Tunasema amevunjika moyo, moyo umekufa, moyo mzito, hana raha ya moyo. Tunasema pia ana mawazo, na kila mtu afahamu kwamba mawazo hayo si fikira za mwanafalsafa.

Juu ya moyo huu tuna ushahidi wa zamani uliopita karibu kabisa na Itetemia. Katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, Stanley na Livingstone walikaa pamoja mwanzoni mwa mwaka 1872. Stanley alipoondoka mwezi wa Machi alichukua madaftari ya mzee yule kuyapeleka Uingereza, na Livingstone akabaki pale akingoja wapagazi mpaka Agosti. Miongoni mwa mambo aliyokuwa ameyaandika alipokuwa nchi ya Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, ni habari ya ugonjwa ambao kwake ulikuwa wa ajabu kuliko yote aliyoyaona katika nchi hizi. Uliwapata watu waliozaliwa huru wakatekwa. Walivumilia minyororo, lakini walipokwisha kuuvuka mto Lualaba na kuuona umetengana baina yao na kwao, walilegea, na baada ya siku chache wakafa. Hawakulalamika njaa wala homa. Walisema moyo unauma, na waliweka mkono mahali hasa ulipo moyo, ingawa, kama alivyoeleza Livingstone, watu wengi wa nchi hizo walidhani moyo uko juu zaidi. Daktari huyo, aliyesomea udaktari huko Glasgow, hakupata jina la kitabuni. Aliuita ugonjwa wa kuvunjika moyo, akauacha hivyo.

Linganisha na daktari mwingine wa zama hizo. Mwaka 1851 Samuel Cartwright wa Louisiana, Marekani, aliandika kwamba watumwa wanaotoroka wameshikwa na ugonjwa wa akili, akautungia jina la Kiyunani, drapetomania. Kwake yeye utumwa ulikuwa ndio afya, na hamu ya kuutoka ndiyo maradhi. Jina hilo lilikuwa na kila pambo la elimu: mizizi ya Kiyunani, maelezo ya dalili, na tiba. La Livingstone halikuwa na hata moja kati ya hayo. Lakini mmoja alisikiliza mkono ulipowekwa, na wa pili aliwasikiliza wenye watumwa. Sitaki kusema kwamba jina la watu daima ni bora kuliko jina la kitaalamu. Nasema kwamba lebo ya sayansi nayo ina mwenye kuiandika, na mwandishi huyo anaishi mahali fulani.

Historia ya hospitali zetu yaanzia katika njia hiyo hiyo ya misafara. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa na chama cha Kiprotestanti cha Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa nyumba ya wagonjwa wa akili, nayo yafanya kazi hiyo hata sasa. Waingereza nao walijenga hospitali ya Dodoma, yaani Mirembe, katika miaka ya 1920, na karibu yake ikawapo Isanga kwa wale waliotenda makosa. Nairobi ilikuwa na Mathari tangu 1910, Unguja ilikuwa na Kidongo Chekundu, na Kampala ilipata Butabika mwaka 1955. Msomaji ajua vizuri yaliyofuata. Kila jina kati ya haya liliacha kuwa jina la mahali. Mtu wa Tabora akiambiwa na wenzake kwamba apelekwe Mirembe, hakuna anayefikiri juu ya reli wala Dodoma. Na mtoto wa Unguja ajua Kidongo Chekundu kabla hajajua iko mtaa gani. Wenye hospitali walitaka kuondoa neno wazimu. Watu wakatwaa jina la hospitali wakalifanya neno jipya la wazimu. Kwa mwanafunzi wa lugha hili si ajabu hata kidogo. Tafsida huchakaa kama nguo ya kazi, na anayedhani kwamba atashinda dharau kwa kubadili neno peke yake hajatazama makamusi ya miaka mia moja.

Hospitali pia ilizalisha maandishi. J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa, nacho kilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alimfananisha Mwafrika wa kawaida, asiye mgonjwa, na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilichapisha maandishi yake juu ya saikolojia ya Mau Mau, ambamo madai ya ardhi na uhuru yaligeuka kuwa dalili za watu waliopotewa na mila. Mtu aweza kusema kwamba huo ulikuwa ukoloni na umekwisha. Umekwisha, lakini ulipita kwa muhuri wa sayansi na wa shirika la kimataifa, na waliopewa lebo ile hawakuulizwa neno lao.

Kwa bahati, baada ya hapo wako waliouliza. Mwaka 1966 Robert Edgerton, mwanaanthropolojia wa Marekani, alitoa makala juu ya watu wanne wa Afrika ya Mashariki: Wahehe, Wakamba, Wapokoti na Wasebei. Aliwauliza swali jepesi: mwenda wazimu ni mtu gani? Majibu juu ya matendo yalikaribiana sana, na hayakuwa mbali na yale ya madaktari: atembea uchi, asema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, atangatanga, hupiga watu. Walikotofautiana ni kwenye sababu. Wahehe na Wakamba walitaja uchawi zaidi. Wapokoti na Wasebei walisema ni mdudu aliyeingia katika ubongo upande wa mbele. Na hapa pana jambo la kutafakari: wale wa mdudu, ambao maelezo yao yanafanana zaidi na ya hospitali, ndio waliokuwa na tumaini dogo la kupona, wale wa uchawi waliamini kwamba kilichofungwa na mtu chaweza kufunguliwa na mtu. Mwaka huo huo wa 1966 Thomas Scheff alitoa kitabu Marekani akidai kwamba lebo ndiyo humfanya mtu kuwa mgonjwa wa kudumu. Edgerton alionyesha kwamba hata pasipo hospitali watu humtambua mgonjwa wao vizuri, ugonjwa upo. Lakini Scheff naye hakukosea kabisa, maana jina walilompa ndilo lililoamua kama atapelekwa kwa mganga, au ataachwa, au atafungwa kamba.

Juli McGruder aliona jambo la namna hiyo Unguja katika tasnifu yake ya 1999. Katika familia alizoishi nazo, kumtaja pepo kulimruhusu mgonjwa kubaki yeye yule: siku pepo alipotulia, alirudi katika nafasi yake nyumbani, akapewa kazi yake na heshima yake, na hapakuwa na makelele mengi juu ya kosa ni la nani. Jina la skizofrenia, alilolianzisha Eugen Bleuler mwaka 1908 kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya akili iliyopasuka, halina siku ya kutulia. Mtu akishakuwa nalo, analo. Wajapani waliona uzito huo. Jina walilokuwa wakitumia kwa maradhi hayo lilikuwa tafsiri ya moja kwa moja ya akili iliyopasuka, na wagonjwa wengi hawakuambiwa ugonjwa wao kwa sababu daktari aliona haya kulitamka. Mwaka 2002 chama chao cha madaktari wa akili kilibadili jina hilo, kikatwaa jingine lenye maana ya kukosa ulinganifu.

Nisije nikaeleweka kwamba nawasifu wazee bila ya kuangalia. Swali la nani alifanya laweza kuua. Katika nchi hizi za magharibi, Unyamwezi na Usukuma, vikongwe wengi wameuawa kwa kudaiwa kuwa wachawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 haikutosha kuwalinda. Bibi anayesahau jina la mjukuu wake, anayetoka nje usiku akisema peke yake, ana jina moja katika kitabu cha daktari tangu Alois Alzheimer aeleze mgonjwa wake mwaka 1906. Kijijini aweza kupewa jina jingine, na jina hilo likamfikisha kaburini. Hapo sina shaka ni lebo ipi ya kuchagua. Kadhalika kifafa. Louise Jilek-Aall, daktari aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge karibu na mwaka 1960, alikuta wagonjwa wenye makovu ya moto kwa kuwa walipoanguka motoni watu waliogopa kuwagusa. Neno lenyewe kifafa, lenye kurudia kufa katika umbo lake, halimtishi mtu kuliko hofu ile ya kuambukizwa.

Nilipokuwa Itetemia nikikusanya maneno, nilikuwa na karatasi ya maswali niliyojifunza kuitunga nchi za ng'ambo nilikosomea shahada ya udaktari wa falsafa. Ilikuwa na habari fupi za watu wa kubuni, nami nilitaka mwenyeji anipe jina la kila mmoja. Nilimsomea mama mmoja mzee habari ya kijana asiyelala, asiyekula, asiyetaka kuonana na mtu. Nikamwuliza, mama, mtu huyu anaitwaje? Akaniuliza, ameanza lini, mwanangu? Nikasema karatasi haikutaja. Akauliza tena, kabla ya hapo alifiwa na nani, au alidaiwa na nani? Nikasema hilo nalo halikutajwa. Akasema, basi huyo si mtu bado, mlete nimwone. Niliandika katika safu ya majibu kwamba hakujibu, na nilikaa muda mrefu kabla sijaelewa kwamba nilikosea kuandika hivyo. Mfumu wa Kinyamwezi, ambaye kazi yake ni kupiga ramli na kutibu, na wale Waswezi wenye ngoma zao za mapepo, huanza hapo alipoanza mama yule. Na daktari mzuri wa hospitali, akipewa nafasi, huanza hapo pia. Anayeanza na jina ni mwenye karatasi.

Yabaki suala ambalo ni letu hasa, sisi tunaotunga istilahi. Hospitali, magazeti na sheria vimekubaliana kuita maradhi haya yote magonjwa ya akili. Ni tafsiri sahihi ya jina la Kizungu. Lakini kwa msemaji wa Kiswahili imehamisha mipaka. Huzuni iliyopita kiasi, ambayo ilikuwa ya moyo, imetiwa katika fungu la akili, na fungu la akili, kama tulivyoona kwa kadhi na kwa jaji, ni fungu la mtu asiyejua alitendalo. Mwanamke aliyefiwa na mtoto, asiyelala mwezi wa pili, akiambiwa kliniki kwamba ana ugonjwa wa akili, husikia kwamba ameitwa kichaa. Atarudi nyumbani, na hatakuja tena. Wataalamu hulalamika kwamba wananchi hawana elimu ya afya ya akili. Mimi nasema mama huyu amefahamu vizuri sana neno aliloambiwa, kuliko alivyolifahamu aliyelitafsiri.

Sheria nayo haisaidii kutofautisha. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 5, yaruhusu Bunge kumnyima mtu haki ya kupiga kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Waliotunga maneno hayo walikuwa wakimfikiria, bila ya shaka, yule asiyejua karatasi ya kura ni nini. Lakini katika lugha ya kliniki ya leo fungu lile lina mwalimu mwenye wasiwasi, askari asiyesahau aliyoyaona vitani, na mama mzazi aliyelemewa na huzuni. Neno moja linatumika mahali pawili kwa upana usio sawa, na siku moja mahakama italazimika kuuliza ni upana upi.

Neno sonona, lililotwaliwa kutoka kitenzi cha zamani kusonona, kuona uchungu na huzuni moyoni, ni hatua njema. Limetoka ndani ya lugha, lina moyo ndani yake, na halina kichaa. Ila laonekana zaidi magazetini kuliko vinywani, na nimewasikia wauguzi wakilieleza kwa kusema, sonona ni ugonjwa wa akili, na hapo faida yake yote imemwagika. Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, sawa kabisa na mawazo yetu. Daktari Dixon Chibanda na wenzake, walipoanza tangu 2006 kuwaweka akina bibi waliofunzwa kwenye mabenchi nje ya zahanati za Harare, walitumia neno hilo la watu na kuliacha la kitabu ndani ya kitabu. Na mwaka 2013 kitabu chenyewe cha Wamarekani cha kuainisha maradhi ya akili kikalitia kufungisisa katika faharasa yake. Mawazo, ambayo kila mpishi na kila dereva wa Tabora huyatumia kila siku kwa maana hiyo, hayana alama ya maradhi katika kamusi zetu nyingi. Yameandikwa kuwa wingi wa wazo, basi.

Pendekezo langu kwa wenye kamusi ni dogo. Kwanza, mawazo yapewe kidahizo chake, mbali na wazo, pamoja na maana yake ya maradhi na mifano kutoka mdomoni mwa watu. Pili, kila jina la fungu hili lionyeshwe kama hufuata kuwa na au kuwa, maana msomaji mgeni hatajua kwamba ana kichaa na ni kichaa si kauli moja. Tatu, maneno ya moyo yakusanywe upya, na yakusanywe bara pamoja na pwani, kwa sababu Kiswahili cha Tabora kimeishi na Kinyamwezi kwa zaidi ya karne moja na nusu, na sina hakika kwamba moyo unaovunjika Itetemia ni ule ule unaovunjika Unguja. Kazi ya Itetemia nimeianza upya, safari hii bila ya karatasi ya maswali. Mama yule mzee bado anangoja nimpeleke yule kijana.